Pessulus: komeo la mlango wa Kirumi

Neno la Kilatini "pessulus" wakati mwingine hutafsiriwa kuwa kufuli, na tafsiri hiyo humpotosha msomaji. Pessulus ni komeo, yaani kipande kinachosukumwa mpaka kiingie tunduni na kuuzuia mlango. Asili yake ni "passalos" ya Kigiriki, yenye maana ya kigingi. Lisichanganywe na "sera", ambalo ni pingo lililokingamishwa mlangoni.

Mlango wa nyumba ya Kirumi mara nyingi ulikuwa wa mbao mbili, ndiyo maana Kilatini huutaja kwa wingi, "fores", na vizingiti vya mawe vilivyofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, bado vina matundu yaliyopokea makomeo. Katika tamthilia ya Plautus (aliyefariki mwaka 184 KK) iitwayo Aulularia, mzee bahili Euclio anamwamuru mtumwa wake akomee mlango "ambobus pessulis", kwa makomeo yote mawili. Katika Curculio, tamthilia yake nyingine, kijana Phaedromus, ambaye mpenzi wake amefungiwa ndani, anayasalimu makomeo kwa heshima na kuyaimbia, akiyasihi yaruke juu ili binti aachiliwe. Ni mzaha mtupu, lakini humfaa mtafiti: anayeliomba komeo liruke juu anajua kwamba limeshukia chini.

Kitenzi kinachoandamana na neno hili ni "obdere". Terence, mtunzi mwingine wa tamthilia za Kilatini, aliandika "anus foribus obdit pessulum", yaani bibi kizee anakomea mlango. Kiswahili hukomea mlango moja kwa moja. Kilatini husema kwamba komeo ndilo linalowekwa, na mlango ndio unaowekewa.

Hoja ya wanaotetea kufuli hutokana na Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 BK, ambaye msimulizi wake anaingiza ufunguo kisha anasema "pessulos reduco". Hata hapo sioni kufuli, kwani maneno hayo yana maana ya "nayarudisha makomeo nyuma": ufunguo umeshika nafasi ya mkono, na kinachosogea ni komeo lile lile. Kifaransa kimeitunza maana hiyo katika "pêne", neno lililotokana na pessulus, ambalo leo ni ulimi wa kitasa. Wataalamu wa anatomia ya ndege nao huita pessulus kile kijiti cha gegedu au mfupa kinachokatiza ndani ya kiungo cha sauti, pale njia kuu ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu mawili.