Emma Bovary aliuawa na deni

Watu wakinisimulia Madame Bovary, riwaya ya Gustave Flaubert iliyotoka kama kitabu Ufaransa mwaka 1857, huwa ni yale yale: mke wa tabibu kijijini, kamchoka mumewe, kapata hawara wa kwanza, kapata wa pili, kanywa sumu. Yote yamo, sibishi. Ila mimi ni wakili wa kesi za madai, kutwa nashinda na hati za mikopo na amri za kukamata mali, na kwa jicho hilo naona wanaume wale wawili walimuumiza tu. Aliyemmaliza ni mwenye duka la vitambaa, bwana Lheureux.

Tazama anavyoingia. Emma ndiyo kwanza amehamia Yonville, kijiji cha Normandy, na moyo wake uko kwa karani kijana, Léon, ambaye baadaye atakuwa hawara wa pili. Lheureux anakuja nyumbani na mzigo, anatandaza mitandio ya Algeria, sindano za Kiingereza, ndara za majani, na vikombe vya mayai vilivyochongwa na wafungwa. Emma anasema hahitaji kitu. Lheureux hanuni. Anakusanya vitu vyake, na akiwa anaondoka anadokeza kwamba hata fedha taslimu, ikibidi, anaweza kumpatia. Emma anajipongeza kwa busara aliyoonyesha. Kwa uzoefu wangu, mkopeshaji anayetoka mikono mitupu huku anatabasamu bado hajaondoka.

Emma anatafuta nini hasa? Alisoma kwa masista mjini Rouen, akajaza kichwa riwaya za mapenzi, halafu akaalikwa mara moja tu kwenye dansi la wakubwa katika jumba la Vaubyessard. Tangu hapo anaamini maisha yenyewe yanaishi kwingine. Kiu ya namna hiyo haina bei maalumu, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuipachika bei yoyote. Léon anapohamia Paris, Emma anajituliza kwa kununua: kiti cha kusalia cha mtindo wa zamani, gauni la kashmiri la buluu, na malimau ya faranga 14 kwa mwezi mmoja, ya kusafishia kucha. Hayo malimau hunishika kila nikirudia kitabu hiki.

Sasa hati zenyewe, na hapa namvulia Flaubert kofia. Saini ya kwanza kwa Lheureux haikuwa ya Emma. Ilikuwa ya mumewe, Charles. Rodolphe, hawara wa kwanza, amemtoroka Emma usiku wa kuamkia safari yao. Emma yuko kitandani hoi, na Lheureux anamletea Charles bili yenye vitu ambavyo mke aliviagiza kwa ajili ya kutoroka. Charles hajui lolote. Anatishiwa mahakama, anasaini hati ya kulipa faranga 180 baada ya miezi 6. Kisha, kwa kuwa amebanwa, anaomba mkopo wa faranga 1,000 papo hapo, na anasaini kulipa 1,070. Ukijumlisha na zile 180 za mwanzo, unapata 1,250 kamili. Riba asilimia 6, kamisheni juu yake, na bidhaa zenyewe zilikuwa na faida ya kama theluthi: jumla, Lheureux anavuna faranga 130 kwa miezi 12. Mwandishi anaipiga hesabu yote mbele yako, halafu anaongeza jambo ambalo kila mwenye biashara ya kausha damu analijua: Lheureux anaomba wasiweze kulipa, ili hati zifanywe upya.

Kwa sheria ya Ufaransa ya wakati huo, mke hakuweza kufunga mkataba wala kuuza mali bila idhini ya mume. Lheureux anajua, kwa hiyo baba yake Charles anapofariki na kuacha urithi, yeye ndiye anayempa Emma wazo la hati ya uwakilishi, ili ashughulikie mali kwa niaba ya mumewe. Kwa hati hiyo kijumba cha Barneville kinauzwa, na Lheureux, badala ya kupokea alipwe yaishe, anamwachia Emma fedha aendelee kutumia na kumsainisha hati nyingine nne za faranga 1,000 kila moja. Mama mkwe anagundua, anaitupa ile hati ya uwakilishi motoni. Charles, kwa mapenzi, anamwandikia mkewe nyingine. Nimewahi kufunga faili za namna hii na kwenda kuvuta hewa nje.

Lheureux hashtaki kwa jina lake. Anazihamishia hati kwa rafiki yake wa Rouen, Vinçart, ili pale kijijini aendelee kuonekana mtu mwema. Hukumu inakuja: faranga 8,000 ndani ya saa 24. Dalali wa mahakama anafika na mashahidi kuorodhesha mali, sahani kwa sahani, hadi darini, kwenye deski lenye barua za Rodolphe. Analifungua, anakuta barua, na anaziinamisha kidogo ili aone kama kuna sarafu zitakazodondoka. Sijasoma mahali pengine ukazaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake, ulioandikwa kwa ukatili mtulivu kama huu.

Emma anazunguka kuomba. Mwanasheria wa kijiji, ambaye kwa siri ni mshirika wa Lheureux na anaijua historia ya kila hati, anataka mwili wake kama malipo. Emma anamjibu kwamba yeye ni wa kuonewa huruma, hauzwi. Rodolphe anadai hana faranga 3,000. Baada ya hapo ni aseniki kutoka stoo ya mfamasia.

Simtetei kwa kila kitu. Kuna siku anamsukuma bintiye mdogo, Berthe, hadi anachanika shavu, na baadaye anashangaa tu jinsi mtoto alivyo na sura mbaya. Lakini talaka ilifutwa Ufaransa mwaka 1816 ikarudi 1884, na mwanamke aliyeolewa alisubiri hadi 1938 kutambuliwa kisheria kama mtu anayejitegemea. Mwanamke wa wakati wake aliyetaka maisha mengine alikuwa na milango michache, na Lheureux alisimama kwenye mmoja wao.

Kichekesho ni kwamba aliyepandishwa kizimbani ni mwandishi. Januari 1857 mwendesha mashtaka Ernest Pinard alidai riwaya inakosea maadili ya umma na dini. Februari 7 Flaubert akaachiwa.

Mimi naisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Lydia Davis ya mwaka 2010, yenye sentensi kavu zinazoufaa ubaridi wa Flaubert. Iko pia ya Eleanor Marx ya 1886, binti wa Karl Marx, na napenda kufikiri kwamba hesabu za Lheureux hazikumpa shida. Ukiipata yoyote, shika kalamu kuanzia sura ya 14 ya sehemu ya pili, uandike kila hati pembeni: nani kasaini, kiasi gani, inaiva lini.