The Rutles: nyimbo zilitungwa upya

Wengi huamini kuwa nyimbo za The Rutles, bendi ya kubuni katika filamu ya dhihaka ya televisheni ya 1978, All You Need Is Cash, ni zile zile za The Beatles, vijana wanne wa Liverpool, zilizobadilishwa maneno. Si ajabu: magita, viitikio, hata mtindo wa kurekodi vimeigwa kwa ustadi. Lakini zilitungwa kama nyimbo mpya.

Pima mwenyewe: sikiliza “Ouch!” ya The Rutles, kisha “Help!” ya The Beatles ya 1965. Linganisha melodi zake: si ile ile. Majina ya watunzi kwenye lebo ya sahani yasikutoshe kama ushahidi: wenye haki za nyimbo za The Beatles walidai, wakapata nusu ya mirabaha.