Je, wajua kwa nini mwanagenzi wa ushonaji huanzia kwenye vifungo?

Ingia duka la fundi cherehani Mji wa Kale, Mombasa, umtazame kijana aliyemaliza shule akaja kujifunza kazi. Mkasi hagusi. Anatia vifungo kwenye mashati ya sare, anakunja mapindo, anapiga pasi. Wapitao humwonea huruma, wakidhani fundi anamtumikisha tu. Kumbe mpango huo una maana.

Miaka ya 1970, mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alifuatilia mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia. Aliwakuta wanagenzi wakijifunza nguo kinyumenyume: kwanza kumalizia, kisha kushona, mwisho kukata. Kifungo kikikaa upande, kinafumuliwa na kurudishwa bila hasara. Kitambaa kikikatwa vibaya, basi tena. Na katika kumalizia nguo za wenzake, kijana anazoea umbo la nguo: bega linakaa wapi, mshono wa ubavuni unaishia wapi. Akija kupewa mkasi, kila kipande anakijua kiendako.

Tabia nayo? Hapo Mombasa ina mwalimu mkali: Idi. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na mpaka mwezi uandame hakuna ajuaye ni zipi. Fundi makini hupanga kumaliza kabla ya siku ya 29. Katika siku hizo za mwisho, kijana wa vifungo hujifunza kumwambia mteja mapema, "Mama, hii ya pili haitawahi, nisikudanganye." Hujifunza pia kupokea maneno makali bila kujibizana. Darasani ukichelewesha kazi, zinapungua alama zako mwenyewe. Dukani ukichelewa, mtoto wa watu anakosa kanzu siku ya Idi. Mimi naamini uaminifu wa kazi huanzia hapo, pale uzembe wako unapomwumiza aliyekutegemea.

Ndiyo maana si kila atachimenti, yaani mafunzo ya mwanafunzi kazini, inamfaa mwanafunzi. Miezi mitatu ya kutumwa chai na kutoa fotokopi, mpaka daftari litiwe sahihi, haimjengi mtu. Lakini mpe kazi ndogo ya kweli. Kwenye ofisi ya wakala wa forodha, alinganishe namba za kontena na zilizo kwenye hati, moja moja, kisha mkubwa wake azipitie kabla hazijatumwa. Ni kazi ya kifungo hiyo: kosa linarekebishika likiwa bado mezani. Likipita, mzigo unakwama bandarini Kilindini na ada za kuhifadhi zinapanda kila siku.

Aliyejifunzia gereji au kwenye cherehani bila kupitia chuo naye hajafungiwa mlango. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la 3 hadi la 1, na ina kituo chake hapa Mombasa.