Picha na ishara hazimzuii mtoto kusema

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Mombasa: mtoto asiyesema asipewe picha za kuonyesha anachotaka wala kufundishwa ishara za mikono, kwani atazoea na hatafungua mdomo tena. Si kweli.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia kwa karibu watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kwa njia hizi. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 waliongeza maneno, ingawa wengi ni machache tu.

Unaweza kujionea nyumbani. Bandika picha ya kikombe kando ya jagi. Mtoto akiigusa, sema "maji", mpe papo hapo, na uandike kila sauti anayotoa. Endelea hivyo kwa wiki kadhaa. Usimnyime maji ati mpaka aseme. Kiu si mwalimu, na hilo huniuma sana nikilisikia.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu anayepewa picha ni yule ambaye tayari hasemi, kisha picha ndizo zinazolaumiwa. Wanasahau kwamba kwa kawaida watoto hunyoosha kidole na kupunga mkono kabla ya neno la kwanza.

La kuanza nalo ni kumpima masikio, kisha kumwona mtaalamu wa matamshi na lugha. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mama atausoma usiku huu na kuzing'oa picha ukutani.