Mashine pepe haikuongezei RAM hata chembe

Wiki hii nimeletewa tena ombi lile lile. "Fundi, laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na inajikokota. Naomba uniwekee mashine pepe ya GB 8 nihamie huko." Nikalisoma mara mbili, nikainuka, nikaenda kunywa maji.

Aliyeandika si mjinga. Amesoma mahali kwamba mashine pepe ni "kompyuta nyingine kamili", akapiga hesabu yake: ya kwanza imechoka, basi napata ya pili, tena ya bure. Hesabu imenyooka, ila amesahau kuuliza hiyo ya pili itakaa wapi. Inakaa tumboni mwa ile ya kwanza, na inakula chakula chake. Nimelieleza hili kwa simu, kwa ujumbe na ana kwa ana hadi nimechoka. Leo naliandika, na atakayeuliza kesho nitamtumia kiungo.

Sisi wa kazi hii tuna maneno mawili: mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ni kompyuta unayoigusa kwa vidole. Mgeni ni mfumo endeshi mwingine unaoendeshwa ndani yake na haipavaiza, yaani programu inayounda na kuendesha mashine pepe, iwe VirtualBox, VMware, Hyper-V au nyingine unayoipenda. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni akija, mwenyeji anaugua. Ukimtengea GB 2, hesabu kwamba mwenyeji kapungukiwa GB 2 muda wote mgeni yuko macho, hata kama hana kazi yoyote zaidi ya kuonyesha saa. Haipavaiza nayo ina posho yake juu ya hapo. Kwa laptopu ya GB 4 maana yake Windows ya mwenyeji inabanwa kwenye GB 2, inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski ikishaanza kufanya kazi ya RAM, kila kubofya kunakuwa na muda wa kupiga miayo. Windows 11 kima chake cha chini ni GB 4 kwa kompyuta moja tu. Wewe unataka mbili.

"Mbona kuna kile kitelezi cha kuchagua RAM?" Kipo. Kinagawa, hakizalishi. Kwenye VirtualBox kimepakwa rangi kabisa, kijani halafu nyekundu, na bado nimewahi kuona mtu kakisukuma mpaka ndani ya nyekundu kwa imani ileile ya anayeongeza sauti ya redio.

Prosesa ni hadithi tofauti kidogo, na hapa ndipo nakiri kwamba nami hukisia. RAM iliyoshikwa imeshikwa, lakini prosesa hugawanwa kwa zamu, kwa hiyo unaweza kumwahidi mgeni viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila kimoja kivyake) na mwenyeji naye akavitumia mgeni anapolala. Watu wakiniuliza "nimpe vingapi", huwajibu nusu ya ulivyo navyo. Nalisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, ingawa ni mazoea tu. Nimeshaona mgeni wa viini viwili akienda vizuri kuliko alipopewa vinne kwenye mashine ileile, kwa sababu mwenyeji alikuwa amebaki hoi. Jaribu, pima, badilisha. Picha na video sizungumzii: mgeni kwa kawaida haoni kadi yako halisi ya grafiki, anaona ya kuigiza, kwa hiyo kuhariri video humo ni kujitesa.

Asili ya jambo hili inaeleza kila kitu. Miaka ya 1960 IBM ilikuwa na mashine moja kubwa, ghali mno, na watu wengi waliotaka kuitumia kwa wakati mmoja. Wakatafuta namna ya kumfanya kila mtumiaji aone kana kwamba ana mashine yake peke yake, na kufikia 1972 walikuwa wameitangaza VM/370, mfumo wao wa mashine pepe, kwa wateja. Waligawa kilichokuwa kingi. Kompyuta zetu za kawaida ziliingia baadaye sana: VMware walitoa Workstation 1999 kwa ujanja mwingi wa programu, kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaingiza msaada wa kazi hiyo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana nakwambia ingia BIOS kwanza, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uangalie kama msaada huo, VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD, umewashwa, kabla hujanipigia kulalamika kwamba VirtualBox haikuonyeshi chaguo la mfumo wa biti 64. Na ukiona kobe mdogo wa kijani pembeni chini ya dirisha la VirtualBox, si pambo. Anakuambia Hyper-V, haipavaiza ya Windows yenyewe, imeshika usukani na VirtualBox inapitia mgongoni kwake. Walioweka picha ya kobe walikuwa wakweli kuliko matangazo mengi.

Basi mashine pepe ni ya nani? Ni ya mwenye RAM ya ziada anayetaka kuendesha programu ya zamani isiyokubali Windows mpya, au kujaribu Linux bila kugusa diski yake, au kuvunja kitu makusudi aone kinavunjikaje. GB 16 hapo ni raha, na kwa GB 8 utaishi kwa adabu. Mwenye Mac ya M1 au ya baadaye aelewe kwamba prosesa yake ni ya ARM, aina inayoelewa amri tofauti na x86 ya Intel na AMD, na mgeni anayekwenda vizuri humo ni wa ARM pia. Windows ya kawaida ya x86 itabidi iigizwe amri kwa amri, na utaizeekea.

Sasa tuje kwa kile alichokuwa anakitafuta yule bwana bila kujua jina lake.

Eneokazi la mbali ni mnyama mwingine kabisa. Hapo kazi haifanyiki kwenye laptopu yako. Inafanyika kwenye kompyuta nyingine, ya kweli au pepe, iliyoko kwingine, na kwako inakuja picha tu, huku kibodi na kipanya chako vikipelekwa kule. Laptopu yako ya GB 4 inageuka kuwa skrini yenye waya mrefu. Hapo ndipo kompyuta dhaifu inaweza kuendesha kazi nzito, maana haiendeshi chochote. Kwa hiyo mtu akinijia na maneno haya mawili, namuuliza swali moja kabla ya yote: prosesa inayofanya kazi iko wapi? Ikiwa mezani pako, tunaongea mashine pepe. Ikiwa kwingine, tunaongea eneokazi la mbali. Ikiwa ni mashine pepe ndani ya seva ya mbali, ambayo ndiyo biashara kubwa ya siku hizi, basi ni vyote viwili, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Siwalaumu, sisi wenyewe tunaviita jina moja tukiwa na haraka.

Kinachofuata ndicho kinachonichoma zaidi. Mtu anaunganishwa, anaona kipanya kinachelewa, anakimbilia kununua kifurushi kikubwa cha intaneti. Kutoka megabiti 20 kwenda 100. Kipanya kinachelewa vilevile, na fundi ndiye mbaya.

Ndugu yangu, upana wa bomba na urefu wa bomba ni vitu viwili. Megabiti ni upana. Unachokilalamikia ni urefu, muda wa kwenda na kurudi, ile namba inayotoka ukiandika ping. Unabonyeza herufi, inasafiri hadi kule, kompyuta ya kule inaichora, mchoro unarudi. Safari hiyo haiharakishwi kwa kununua bomba nene, kwa sababu ndani ya faiba mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde na haujali kifurushi chako. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama waya umenyooka kama rula, na hakuna waya ulionyooka hivyo. Satelaiti za kule juu kabisa, zilizotulia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinakupa karibu nusu sekunde kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Nusu sekunde kwa kila herufi! Unaandika sentensi nzima gizani, kisha unaitazama ikijitokeza kama taarifa ya jana.

Ukiwa chini ya milisekunde 50 utasahau kwamba uko mbali. Kuanzia 100 unahisi. Zaidi ya 200, fanya kazi ya kubofya na kusubiri, usiguse kuchora. Mipaka hii nimeitoa kwenye masikio na macho yangu kwa miaka, na najua wenzangu wanaovumilia zaidi. Kama una uchaguzi, kodi seva iliyo karibu nawe yenye nguvu kidogo kuliko ya mbali yenye nguvu nyingi. Upana unahusika pale unapotazama video humo ndani, kwa sababu picha nzima inabadilika kila mara na inabidi ibanwe upya na kutumwa. Kwa lahajedwali na barua pepe, megabiti chache zinatosha.

Suala la pili, nani anaona skrini? Ukiingia kwa RDP, njia ya Windows yenyewe ya eneokazi la mbali, kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini, aliyekaa mbele yake anaona skrini imefungwa. Ukitumia VNC, njia nyingine ya eneokazi la mbali, au programu za kusaidiana kama TeamViewer na AnyDesk, mnatazama kitu kimoja, na kipanya kinatembea chenyewe mbele ya macho ya wenzako. Nilishapigiwa simu usiku na mtu aliyekuwa akisoma barua zake binafsi kwa VNC, asijue kwamba skrini ya kule inawaka na mlinzi anapita. Na kumbuka Windows ya Home inaweza kwenda kutembelea kwa RDP lakini haipokei wageni. Ya kupokea ni Pro na kwenda juu. Swali hili peke yake limenila saa nyingi za maisha yangu.

Usalama nautaja kwa haraka kwa sababu sina subira nao tena: usifungue poti 3389, mlango wa RDP, kwenye ruta yako kuelekea intaneti. Mei 2019 ilitangazwa kasoro iliyoitwa BlueKeep, iliyomruhusu mtu kuingia kwa RDP bila nywila yoyote kwenye Windows za zamani, na ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka hata cha Windows XP iliyokwisha kustaafu. Pitia VPN, njia ya faragha iliyofungwa kwa usimbaji ndani ya intaneti. "Nimebadilisha namba ya poti" si kinga, ni kuhamisha mlango kutoka mbele kwenda ubavuni na kuuacha wazi.

Wapo pia wanaoamini mashine pepe inawaficha. Mgeni anatoka nje kwa anwani ileile ya intaneti ya mwenyeji. Tovuti inaona nyumba ileile. Kama kuna folda ya pamoja na ubao wa kunakili wa pamoja, virusi navyo vina pa kupitia. Hata ukuta wenyewe umewahi kutoboka: mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyoitwa VENOM ndani ya QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, kwenye kidhibiti cha kuigiza diski za flopi, na ilikuwa imekaa humo tangu 2004. Flopi! Kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitumia. Nafungua mafaili ya mashaka ndani ya mashine pepe, ndiyo, lakini nazima folda za pamoja na mtandao kwanza, na sijawahi kulala usingizi mzito juu ya hilo.

Snapshoti, ile hali ya mashine pepe unayoihifadhi ili uweze kuirudia, si bakapu. Inaegemea diski ileile unayoiogopea, na diski ikifa vinakufa vyote. Narukia mbele.

Yule bwana wa GB 8 je? Nilimuuliza swali langu, prosesa iko wapi. Ikatokea kwamba ofisini kwao ana kompyuta nzuri ya GB 32 isiyoguswa na mtu jioni. Tukaweka VPN, tukawasha RDP, ping ikatoka milisekunde 18. Laptopu yake dhaifu ikawa skrini. Aliniandikia siku mbili mfululizo kunishukuru, akaniita mchawi.

Ijumaa jioni alimaliza kazi, na kwa nidhamu ya mtu aliyelelewa vizuri, akabofya Shut down. Laptopu yake ikabaki inawaka. Ya ofisini ikazimika. Kuiwasha kwa mbali inawezekana, kuna Wake-on-LAN, ukiwa umeipanga mapema. Hakuipanga, na mimi sikumwambia. Wala sikumweleza kwamba kufunga lile dirisha tu kunakata picha na kuziacha programu zikiendelea kule. Nilikuwa nimetumia saa nzima nikimfundisha tofauti ya upana na urefu wa bomba.

Jumatatu asubuhi mfagizi ndiye aliyeibonyeza.