Kabla Hujarudisha Geji Dukani, Pima Ethi

Wiki hii wateja watatu wamefika hapa Kirinyaga Road na geji mkononi, vile vipimo vya ziada vya dashibodi, zimeshang'olewa. Wote maneno yao ni yale yale: "Fundi, nimeuziwa feki, taa yake inafifia." Nikazifunga moja moja kwenye betri ya mezani. Zote zikawaka vizuri, bila kumetameta hata kidogo.

Naomba tuliweke wazi jambo hili, maana linawala watu pesa. Taa ya geji ya kuongezea, iwe ya turbo, ya presha ya oili au ya joto la maji, ni balbu ndogo au LED inayotumia umeme kidogo mno. Ikififia, mara nyingi geji ni nzima. Shida ni ethi, yaani waya wa hasi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Fundi mwenye haraka hutafuta waya wa hasi ulio karibu, aghalabu wa taa ya redio au ya kiberiti cha sigara, akaunga geji hapo. Lakini katika magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi iko upande wa hasi. Waya ule hauendi bodini moja kwa moja, unapitia kwanza kwenye swichi hiyo. Ukipunguza mwanga wa dashibodi, umeb­ana njia ambayo umeme wa geji unarudia. Geji inafifia, na ukiwasha taa mshale nao unaruka, kwa hiyo hata joto la maji unalosoma si la kweli. Mwenye gari ananunua geji nyingine, inafungwa kwenye waya ule ule, inafanya vile vile.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Washa injini na taa zote. Weka multimita, kile kifaa cha kupima umeme, kwenye volti 20 za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa geji. Ikizidi volti 0.2, ethi hiyo haifai. Usipime taa zikiwa zimezimwa, tafadhali! Waya uliobaki na uzi mmoja hauonyeshi kasoro mpaka ubebe mzigo. Ukishajua, vuta waya mpya hadi kwenye boliti ya bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa kichwa cha pete. Kusokota na kufunga tepu mimi sikubali, hata mteja akiwa na haraka namna gani.

Wengine huja na wasiwasi kwamba wakiwasha taa za gari geji inapunguza mwanga, basi kuna shoti. Geji nyingi za kielektroniki zimeundwa hivyo ili zisikuumize macho usiku. Soma karatasi iliyokuja nayo, maana rangi za nyaya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Na LED uliyobadilisha ikikataa kuwaka, usiitupe. Ina chanya na hasi, igeuze kwanza.

Kuhusu fyuzi sibembelezi mtu. "Ikikatika weka kubwa" ni ushauri wa kuchoma gari. Katika magari mengi taa za dashibodi zinatumia fyuzi moja na taa ndogo za nyuma, kwa hiyo waya wa geji ukigusa chuma, unaweza kujikuta Thika Road usiku bila taa za nyuma, na matatu ziko nyuma yako. Ukiweka ampea 30 mahali pa 10, fyuzi haitakatika tena, utaungua waya, ndani ya dashibodi usikouona. Tafuta waya ulipochunika. Anzia pale waya unapotoka kwenye injini kuingia ndani ya gari: tundu lisilo na mpira hukata waya polepole. Ukimaliza, ipe geji fyuzi yake peke yake. Ampea 3 zinaitosha.