Mtoto wa wiki sita hawezi "kuzoea mikono", na hiyo PDF ya wataalamu tuizungumze leo

Jumatatu ni siku yetu ya chanjo, foleni inatoka mlangoni mpaka chini ya mwembe, na kabla hata ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaambiwa na kina mama watatu tofauti kwamba mtoto wao ameharibika. Ameharibika vipi? Amezoea mikono. Ukimlaza analia, ukimbeba ananyamaza. Mtoto ana wiki sita! Wa tatu ndo alinimaliza kabisa maana alikuja na ushahidi, katoa simu, kafungua PDF aliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, eti vitabu vya malezi vinavyopendekezwa na wataalamu, akanisomea palepale: usimkimbilie mtoto kila anapolia, mwache ajifunze kujituliza mwenyewe. "Sasa nesi, mi nimfuate bibi yake anayembeba kutwa au niwafuate wataalamu?"

Mimi ni muuguzi mkunga, huu mwaka wa 19 niko RCH (kliniki ya afya ya uzazi na mtoto), na hili swali nimelijibu kwa mdomo mpaka sauti inakauka. Leo naliandika.

Tuanze na bibi, maana anaonewa sana. Mama anajifungua, bibi anakuja, anaogesha, anakanda, anabeba mtoto mchana na usiku. Arobaini ikiisha anafunga mzigo anarudi kwake. Siku 40 ni wiki tano na siku tano. Wiki hiyohiyo mama anabaki peke yake na mtoto, na mtoto anaanza kulia kuliko alivyowahi kulia, basi hukumu imeshatoka: bibi kamzoesha mikono. Halafu wiki ya sita analeta mtoto kliniki kwa chanjo, jioni analia tena, sasa lawama inahamia kwenye chanjo. Ukweli ni kwamba chanjo inaweza kumsumbua mtoto siku moja mbili, akapata joto kidogo, hilo sikatai. Lakini kilio kile kikubwa cha jioni kina ratiba yake. Daktari Mmarekani T. Berry Brazelton aliandika mwaka 1962 kwamba kilio cha watoto wazima wasio na ugonjwa kinapanda wiki hadi wiki, kinafika kileleni karibu na wiki ya sita, kama saa 3 hivi kwa siku ukijumlisha, kisha kinashuka. Yaani kilele cha kilio, kuondoka kwa bibi na chanjo ya wiki sita vinakutana juma moja! Ndo maana kila mama anamwona mchawi wake.

Na usiniambie hao ni watoto wa kizungu wanaolazwa kwenye kitanda chao. Mtafiti Ronald Barr na wenzake waliangalia kumbukumbu za watoto wa !Kung San, jamii ya wawindaji wa Botswana, ambao wanabebwa karibu kutwa nzima na wananyonya kila saa, na kilele wanacho vilevile. Wanaanza kulia mara nyingi kama wengine, ila kila kilio kinaisha mapema zaidi. Hapo pazingatie, nitaparudia.

Sasa hao "wataalamu". Hii habari ya kwamba mtoto akibebwa anaharibika watu wanadhani ni sayansi mpya, au wengine wanadhani ni mila yetu ya kuwa wagumu. Nani kati ya bibi zetu alikuwa na muda wa kumwacha kichanga alie nusu saa huku mbeleko imening'inia ukutani? Ukiitafuta kwenye vitabu utaikuta mbali. Mwaka 1894 Luther Emmett Holt, daktari wa watoto wa New York, alichapisha kijitabu cha maswali na majibu kwa kina mama na walezi, na humo aliandika kwamba kichanga kulia dakika 15 hadi 30 kwa siku si nyingi, ndiyo mazoezi yake, na anayelia kwa mazoea aachwe alie mpaka achoke. Hiyo "mwache alie mapafu yapanuke" tunayoisikia mpaka leo na yenyewe imo mlemle. Mwaka 1928 akaja John B. Watson, mwanasaikolojia, huyu hakuwa hata daktari, akawaambia wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata, ikibidi sana busu moja kwenye paji la uso wakati wa kulala na asubuhi mpeane mikono. Mikono! Kama unamsalimia mkuu wa wilaya. Kitabu kilisomwa sana, kilikuwa ndicho kinachopendekezwa wakati huo. Miaka minane baadaye, 1936, Watson mwenyewe aliandika kwamba anakisikitikia kitabu kile kwa sababu hakujua ya kutosha kukiandika. Kujuta kwake hakukufika kwenye PDF zenu, ushauri wake umefika.

Halafu Benjamin Spock, daktari wa watoto Mmarekani, na kitabu chake cha malezi cha 1946. Huyu namheshimu, ndiye aliyeanza kitabu chake kwa kuwaambia wazazi wajiamini, wanajua zaidi ya wanavyodhani. Akawaruhusu wabebe na wabusu, wengi wakapona roho. Lakini mtu huyohuyo, matoleo ya kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1950 yalishauri mtoto alazwe kifudifudi, sababu yake ikiwa kwamba akitapika akiwa chali atapaliwa. Inasikika ina akili, si ndiyo? Mwaka 2005 watafiti walikusanya ushahidi wote wa zamani wakaonyesha kwamba kufikia 1970 ilikuwa tayari inaonekana kifudifudi kunaua, na kama mtu angekaa akajumlisha tafiti zile mapema, vifo zaidi ya 10,000 vya watoto Uingereza na visivyopungua 50,000 Ulaya, Marekani na Australasia vingeweza kuepukwa. Kampeni za kulaza chali zilianza Uingereza 1991 na Marekani 1994. Kwa hiyo mtu akinionyesha simu akasema "nesi, kitabu kimependekezwa na wataalamu" mimi nawaza hao watoto. Kitabu kizuri, cha mtu mzuri, mwenye nia njema, kilikosea kwenye jambo la kufa na kupona. Na usiku huu laza mtoto chali.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kupita yote, na hapa mniruhusu nirefuke. Ni neno MTOTO. Kiswahili chetu kina kichanga, kina mtoto mchanga, lakini anayetafsiri hizo PDF kwa haraka anaandika mtoto, mtoto, mtoto mwanzo mpaka mwisho. Wa siku tatu mtoto, wa miaka miwili mtoto, wa darasa la pili mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa miezi nane inasomwa na mama wa kichanga wa wiki tatu na haina kitu cha kumzuia. Mfano Richard Ferber, daktari Mmarekani aliyetoa kitabu cha usingizi wa watoto 1985, ambaye watu wanamtaja kila wakisema mwache alie. Yeye anazungumzia watoto waliokwishavuka miezi kadhaa, na hasemi ufunge mlango ukalale, anasema unarudi kumwangalia kwa vipindi unavyoongeza taratibu. Sura inayoeleza umri imeachwa, maneno "mwache alie" yamebaki, yamepigwa picha, yamepita magrupu 20.

Na nitakuwa mkweli ingawa wenzangu kazini hawapendi nikisema hili: kwa mtoto mkubwa kidogo njia hizo hazijaonekana kudhuru. Australia walifuatilia watoto 326 ambao kina mama zao walikuwa wanalalamikia usingizi wakiwa na miezi saba, wengine wakafundishwa mbinu za kumzoesha mtoto kulala, na walipofika miaka sita hakukuwa na tofauti yoyote ya kuonekana, si kwenye hisia, si kwenye tabia, si kwenye ukaribu na mama. Matokeo yalitoka 2012. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi minane anayekesha na anarudi kazini asubuhi simhukumu hata kidogo. Ila miezi saba na wiki sita ni viumbe wawili tofauti jamani.

Kuna anayenijibu "samaki mkunje angali mbichi". Methali naipenda, naitumia kwa mtoto wa miaka miwili mitatu anayejua neno hapana na anakutazama usoni huku mkono unakwenda kwenye kikombe. Kichanga hajui kwamba wewe una mipango yako. Hawezi kukaa akapanga kwamba nikilia dakika kumi huyu atashindwa atakuja. Ana njaa, ana gesi, ana baridi, kalowana, au mwili umechoka na haujui kujizima, basi. Kumjibu hakumfundishi ukaidi kwa sababu bado hana kifaa cha kuufanyia huo ukaidi.

Na nadharia yenyewe inayosema umjibu, ile ambayo watu wananiambia "hayo ni ya wazungu", ina mizizi hapa jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda 1954 na 1955, akatembelea familia 26 za Waganda kwenye vijiji vya karibu na Kampala, akakaa sebuleni na kina mama, akawatazama watoto wanavyotambaa kwenda kuchezea kitu, wanageuka kumtazama mama, wanaendelea. Kitabu chake kilitoka 1967, kinaitwa Infancy in Uganda. Mengi ya ukaribu wa mama na mtoto aliyoyapima baadaye Baltimore, Marekani, aliyaona kwanza Buganda. Kwa hiyo bibi mwenye mbeleko na mtaalamu wa kitabu hawajawahi kuwa maadui kwenye hili.

Sasa nirudi pale kwa watoto wa !Kung San. Je kubeba kunapunguza kilio? Hapa ndo siwezi kuwa na mdomo mkubwa. Kwenye utafiti wa Montreal, Kanada, uliotoka 1986, Hunziker na yuleyule Barr waliwaambia kina mama wa kundi moja wawabebe watoto zaidi, walilenga saa tatu za nyongeza kwa siku, hata kama halii, na kufikia wiki ya sita watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi mno, nikaanza kuitangaza. Baadaye nikakuta waliorudia, na kwa watoto ambao tayari walikuwa na kile kilio kikali, sisi tunaita mchango, kubeba zaidi hakukusaidia kama ilivyotarajiwa. Nikaacha kuwaahidi kina mama kwamba mbeleko itamaliza kilio. Ninachosimamia ni hiki tu: haitamharibu. Na kwa njiti ni zaidi ya hapo, ni tiba. Ule utafiti wa 2021 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto wa kilo 1.0 mpaka 1.799 waliowekwa kangaruu, yaani kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 ni asilimia 12.0, ukilinganisha na 15.7 kwa waliosubiri mpaka watulie kwanza. Mtu aliyeona hilo wodini halafu anaambiwa kubeba ni kudekeza, atajizuiaje kupandisha sauti?

Mengine haraka haraka. Maji ya mchango, graipu wota, mizizi ya kuchemsha, chini ya miezi sita usimpe, maziwa ya mama tu. Kulia pamoja na homa, kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, degedege au kulegea, hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Shingo haijakaza mfunge mbele kifuani, uso wake uuone, pua isizibwe na kanga. Na kama umechoka mpaka unahisi mikono inatetemeka kwa hasira, na hii inawapata kina mama wazuri kabisa, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, mwite jirani. Kilio cha dakika tano hakimdhuru. Kumtikisa kunamdhuru, ubongo unavuja damu. Ukichagua kati ya hivyo viwili usifikirie mara mbili.

Yule mama aliniuliza basi kitabu gani anunue. Nilimwambia kabla hajalipa afungue ndani atafute vitu viwili, umri wa watoto kinaowazungumzia na mwaka wa toleo, na kama umri haujatajwa popote akirudishe. Nikamwambia pia kadi ya kliniki aliyoishika ina maelezo aisome, hajawahi kuifungua zaidi ya ukurasa wa uzito.

Alirudi wiki ya 10, mtoto bado analia jioni, naye macho mekundu. Wiki ya 14 akaja mtoto yuko kifuani amelala, kapungua kulia sana, akaniambia nesi mbeleko imefanya kazi. Nikamwambia sijui mwanangu, inawezekana ni mbeleko, inawezekana ni miezi mitatu imefika tu, wengi hupoa wenyewe hapo. Akasema haidhuru, yeye mbeleko haivui, na sasa anataka bibi arudi.